Saa moja ya dansi Mombasa: mwongozo kwa wawili wasiojua hatua hata moja

Mume wangu alipojua kwamba safari yetu ya Mombasa ina somo la dansi ndani yake, pasi zilikuwa zimeshagongwa mihuri na basi limeshaiacha Lungalunga. Hakuwa na pa kukimbilia. Usifanye hivyo wewe, mwambie mwenzako mapema. Lakini mimi nilikuwa na deni la miaka. Nimekulia Tanga, mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, katika nyumba ambayo wimbo wa zamani ukipigwa redioni baba alikuwa anamfuata mama jikoni, anamshika mkono ule ule wenye unga, na wanazunguka meza mara mbili tatu. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Miaka kumi ndani ya ndoa yangu mwenyewe ndipo nikagundua sijui hata mguu gani unaanza.

Mombasa tulisoma mara mbili. Somo la kwanza lilitutoa jasho na ugomvi. La pili likatutoa jasho tu. Haya ninayoandika nimeyapata katikati ya masomo hayo mawili.

Kubalianeni dansi moja kabla ya kufunga begi

Dansi ya ukumbini ni jina la ukoo. Ndani yake kuna walzi, fokstroti, kwikstepu, tango (si lile la kachumbari), rumba, chacha (si ya wali uliolala), jaivu na nyinginezo. Mwalimu mwenye tamaa atawaahidi tatu kwa saa moja. Mkikubali mtatoka na vipande vitatu na dansi hata moja hamtakuwa nayo.

Ushauri wangu ni kuanza na walzi au rumba, kwa sababu zote mbili zina hatua moja ya msingi inayoitwa boksi: miguu inachora mraba sakafuni na kurudi ilikoanzia. Ukilijua boksi la walzi, la rumba umeshalipata zaidi ya nusu. Chacha inapakia hatua tano ndani ya mapigo manne, na mwanafunzi wa siku ya kwanza hapo huchacha kweli. Tango inataka mshikamane karibu sana na mgeuke kwa ghafla. Iacheni. Na mkisikia "walzi ya Vienna", jueni hiyo inakwenda karibu mapigo 180 kwa dakika, mara mbili ya walzi ya polepole ambayo iko kati ya 84 na 90. Semeni wazi kwamba mnataka ya polepole.

Kati ya hizo mbili, kwa masikio yetu watu wa huku, rumba ni rahisi kuanza nayo. Walzi ina mapigo matatu, moja zito na mawili mepesi, na sisi tumelelewa kwenye mapigo manne ya muziki wa dansi. Rumba ya ukumbini asili yake ni Kuba, na rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi Desemba 2021, ilikua baada ya santuri za Kuba kufika Kongo miaka ya 1930. Namna ya kucheza imetofautiana, ila sikio lako tayari linajua pigo linaangukia wapi, na hiyo ni nusu ya ada. Sisi tulichagua walzi kwa sababu nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni. Nilijuta kwa dakika ishirini hivi, halafu nikaacha kujuta.

Kumpata mwalimu

Hoteli nyingi za ufukweni, kuanzia Nyali, Bamburi hadi Shanzu, na ng'ambo ya kivuko kule Diani, zina vijana wa burudani, wenyewe wanawaita animesheni. Asubuhi wanacheza voliboli na wageni, jioni wanafundisha dansi karibu na bwawa la kuogelea. Kwa mgeni aliyelala hapo mara nyingi hakuna malipo ya ziada. Ni vijana wachangamfu, na ukitaka kucheka utacheka.

Ila ndiko tulikopata somo letu la kwanza, katika hoteli ambayo sitaitaja. Tuliandikiwa "dansi ya ukumbini, saa kumi na moja jioni". Tulipofika tulikuta watu zaidi ya ishirini wamepangwa mistari, spika inapasua masikio, na kijana anapiga kelele za kuhesabu ambazo hazikulingana na wimbo. Sakafu ilikuwa vigae vya pembeni mwa bwawa, na watoto wanatoka majini wanapita katikati yetu wakichuruza maji. Mume wangu aliteleza, akanishika mimi, na wote wawili tukamwangukia mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anacheza vizuri kuliko wote. Usiku ule tulikula kimya.

Kwa hiyo dansi ya hotelini ichukulieni kama burudani. Mkitaka kujifunza, mtafuteni mtu anayefundisha maharusi. Mombasa ni mji wa harusi, na siku hizi bwana na bibi harusi wengi wanataka kufungua ukumbi kwa dansi yao wawili, kwa hiyo wapo walimu ambao kazi yao ni kuchukua watu wawili wasiojua kitu na kuwasimamisha mbele za watu wiki tatu baadaye. Huyo ndiye mnayemtaka, kwa sababu amezoea wanaume waliokuja kwa kuburutwa. Waulizeni washereheshaji, wapiga picha za harusi, wapambaji, na wanaosimamia kumbi na vyumba vya mazoezi upande wa Nyali. Sisi tulimpata kwa kumuuliza dada aliyenisuka nywele. Alipiga simu mbili tu.

Mkishampata, msikimbilie bei. Ulizeni kwanza somo ni saa nzima au dakika arobaini na tano, na malipo ni ya wawili pamoja au kila mtu kivyake. Hilo la pili ndilo linalozaa maneno mwishoni. Ulizeni mtasomea wapi na sakafu ni ya nini. Ulizeni kama yeye ndiye anakuja na spika. Kisha ulizeni lile ambalo watu wanaona haya kuliuliza: nani atamshika nani wakati wa kuonyesha?

Nitalieleza kidogo, maana wengi wanalikwepa halafu linawaharibia somo. Ualimu wa dansi za kushikana una desturi ya mwalimu kumchukua mwanafunzi na kucheza naye ili amsikie. Kuna wanandoa wasioona tabu, na kuna ambao hilo haliwezekani, iwe kwa dini au kwa moyo tu. Wasiwasi huu wa kushikana haukuanza kwetu. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliikemea walzi kwa ukali, likiwaonya wazazi wasiwaache binti zao waicheze. Basi semeni mapema. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, na alikuja na mpwa wake wa kiume. Kila alipotaka kuonyesha kitu alicheza na mpwa wake, sisi tukitazama. Mume wangu hakushikwa na mtu isipokuwa mkewe, wala mimi sikushikwa na mtu isipokuwa mume wangu. Tulijifunza vizuri tu.

Malipo Mombasa ni M-Pesa karibu kila mahali. Mkitoka Tanzania na laini ya Kenya hamna, wekeni shilingi za Kenya taslimu. Ukitakiwa kutanguliza pesa, tanguliza kidogo, na kabla pesa hazijaondoka soma jina linalotokea kwenye simu uhakikishe ni la mtu uliyeongea naye.

Saa na siku

Joto la Mombasa ni mwanafunzi wa tatu. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ukumbi usio na feni saa nane mchana ni tanuri, na mkono wa mtu unaoteleza kwa jasho haushikiki. Chagueni saa tatu au nne asubuhi, au saa kumi jioni. Jioni nayo ina mwisho wake: Magharibi inaingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kama mnasomea mjini karibu na msikiti, muziki utazimwa adhana ikianza. Mkipanga saa kumi na moja, hesabuni hilo. Mwezi wa Ramadhani msisumbue watu na somo la mchana.

Halafu kuna bahari. Kisiwa cha Mombasa hakijali ratiba yenu. Mkilala Diani na mwalimu yuko Nyali, kuna kivuko cha Likoni katikati. Wanaotembea kwa miguu hawalipi, lakini foleni na msongamano wa asubuhi na jioni unaweza kuwalia muda wote mliokuwa mmeuweka akiba. Mwenye gari anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu. Wanaotoka Nairobi kwa treni nao wakumbuke kwamba stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na kwamba mtu aliyekaa kitini saa tano au sita ana magoti ya mbao. Somo liwe kesho yake.

Kula, ila si biriani. Sisi tulikula mahamri na mbaazi saa moja asubuhi na somo likawa saa nne, ikawa sawa kabisa. Madafu yawe ya baadaye.

Viatu kwanza, nguo baadaye

Kiatu cha dansi kinatakiwa kiteleze kidogo na kisitoke mguuni. Raba zinaganda sakafuni: mwili unageuka, goti linabaki. Ndala na champali zinatoka. Makubadhi yana soli nzuri ya ngozi lakini kisigino kiko wazi, na mwanamke anayerudi nyuma akikanyagwa hapo anaondoka bila kiatu. Kinachofaa ni kiatu cha kufunika au chenye mkanda wa kisigino, soli laini, kwa mwanamke kisigino kifupi kipana. Kile cha mwanamume alichovaa harusini kinafaa sana, na ndicho hicho mume wangu alikuwa amekikataa kukipakia.

Soksi tupu kwenye vigae ni kujitafutia hospitali.

Kwenye walzi mwanamke ndiye anaanza kwa kurudi nyuma, kwa hiyo pindo refu ni adui wake, si wa mwanamume. Dera na buibui vinafaa kama vinaishia juu ya kifundo. Vinginevyo kunja pindo ubane kwa pini. Beba leso moja ya zamani, kanga kama tunavyoiita kwetu, ya kufutia mikono kati ya nyimbo. Na shati la pili la mwanamume. Utanishukuru.

Saa yenyewe

Tulisomea kwenye ukumbi mdogo mtaa wa nyuma, madirisha wazi, feni mbili, sakafu ya vigae vyeupe vikubwa. Mwalimu hakufungua muziki. Alitutaka tutembee. Tu. Kutoka ukuta huu hadi ule, kila mtu peke yake, mbele, kisha kinyumenyume. Nilidhani anapoteza muda wetu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anatazama nani anatua mguu bila kuuamini.

Kisha akatupanga kushikana, na hapa nendeni taratibu. Mkono wa kushoto wa mwanamume unaupokea mkono wa kulia wa mwanamke, kimo cha macho ya yule mfupi. Kiganja cha kulia cha mwanamume kinakaa kwenye bega la kushoto la mwanamke kwa nyuma, pale penye mfupa mpana, vidole vimekusanyika, hakikai kiunoni. Mkono wa kushoto wa mwanamke unapumzika juu ya mkono wa mwanamume, karibu na bega lake. Halafu jambo ambalo macho hayalioni ukitazama video: hamsimami uso kwa uso. Kila mmoja anasogea kidogo kushoto kwake, hivyo kila mmoja anatazama juu ya bega la kulia la mwenzake. Msiposogea, magoti yatagongana hatua ya kwanza, kisha mtaanza kucheza mbalimbali kama watu wanaobeba kabati.

Sasa boksi. Mwanamume anaanza na mguu wa kushoto. Moja: kushoto mbele. Mbili: wa kulia uende pembeni, kuliani. Tatu: wa kushoto uufuate, miguu ikutane. Huo ni nusu mraba. Nusu ya pili: kulia nyuma, kushoto pembeni, kulia ukutane nao. Umerudi ulipokuwa. Mwanamke ni kioo chake: anaanza na kulia kwenda nyuma, kushoto pembeni, kulia unakutana nao, kisha kushoto mbele, kulia pembeni, kushoto unakutana nao.

Vigae vilikuwa ubao wetu. Mwalimu alitusimamisha kwenye kona ya kigae na kusema hatua moja ni kigae kimoja, isizidi. Mwanamume mgeni hupiga hatua za vigae viwili kwa hamu ya kufika, na ndipo kidole kidogo cha mwanamke kinapotiwa chini ya soli. Changu kilitiwa mara nne. Kama sakafu haina vigae, ombeni chaki.

Kosa lililotushinda hotelini, ambalo tulidhani ni ugumu wa vichwa vyetu, lilitajwa hapa kwa maneno mawili. Tulikuwa tunaenda vizuri mpaka "tatu", kisha kwenye "moja" inayofuata kila mmoja anatoa mguu usio wake, tunagongana, tunasimama. Mwalimu akazima simu iliyokuwa inahesabu, akatuuliza: "Mguu mtupu ni upi?"

Tukatazamana.

"Mkifika tatu, mguu mmoja una mtu, mmoja mtupu. Niinulieni mtupu."

Mume wangu akainua wa kushoto. Kumbe ndio ule ule alioufunga sasa hivi. Alikuwa ameuleta pembeni mwa mwenzake, akaugusisha chini, lakini uzito wote ukabaki kulia. Kwa hiyo kwenye "moja" mguu uliokuwa huru ulikuwa wa kushoto tena, wakati boksi linataka wa kulia. Hesabu yenyewe ni nyepesi: hatua ni tatu, na tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kila mzunguko mpya huanza na mguu mwingine, ilimradi hatua zote tatu zimebebwa kweli. Hatua moja ikiwa ya kugusisha tu, umepiga mbili, na mbili inakurudisha kwenye mguu ule ule. Watu wengi wanaosema "mimi sina sikio la muziki" sikio wanalo. Hawahamishi uzito kwenye tatu.

Dawa ni hiyo ya kuinua. Fanyeni boksi bila muziki, polepole kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, na kila mkifika tatu simameni, kila mmoja ainue mguu wake mtupu kidogo. Ukiinuka bila wewe kuyumba, uzito umefika. Tulifanya hivyo labda mara thelathini. Ilikuwa inachosha, na ndiyo sehemu iliyotufaa kuliko zote; mwalimu akiiruka, iombeni.

La kuongoza ni fupi. Mwanamume haongozi kwa mikono. Kifua kinatangulia kidogo, mguu unafuata, na mwanamke anasikia kifua kikija. Mume wangu alikuwa ananisukuma kwa kiganja cha kushoto kila akitaka kwenda mbele, mpaka mwalimu akamwambia, "Babu, huyu si mkokoteni wa Marikiti. Nenda wewe, naye ataondoka mwenyewe." Akacheka, mabega yakashuka, na hapo ndipo nikaanza kumsikia. Kilichonisaidia sana mimi si kifua hata. Alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila "moja", kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuzama baharini. Nikaacha kuhesabu, nikawa nasubiri pumzi.

Kwa wanawake wa pwani kuna onyo dogo. Sisi tumezoea chakacha, na kwenye chakacha kiuno ndicho kinachosema. Kwenye walzi kiuno kinanyamaza, mwili unakwenda mzima mzima, unainuka taratibu kwenye mbili na tatu na kushuka mwisho wa tatu. Mwalimu aliniona nikijisahau, akasema, "Bibie, hiyo ya usiku wa wanawake tuiweke." Rumba itakuruhusu kiuno, ila kinatokana na goti na uzito, hakizungushwi kwa makusudi.

Waliochagua rumba watumie boksi hilo hilo kwa hesabu hii: polepole, chap, chap. "Polepole" inachukua mapigo mawili na ndiyo hatua ya mbele au nyuma. Kila "chap" pigo moja, pembeni kisha kukutana. Hatua tatu ndani ya mapigo manne. Nyimbo za zilipendwa zinafaa kwa mazoezi mkichagua za mwendo wa chini. Angalieni tu sebene. Magitaa yakianza kukimbizana pale katikati ya wimbo, boksi limekwisha. Achianeni mcheze mnavyojua au mkanywe maji.

Muziki ulipofunguliwa hatimaye, zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Msishtuke. Ndivyo inavyotakiwa.

Nani anamrekebisha nani

Hapa ningeweza kuandika kurasa. Somo letu la hotelini halikuharibiwa na maji ya bwawa peke yake. Kila tulipogongana mimi nilisema "kushoto", yeye akasema "wewe ndiye umechelewa", na kufikia wimbo wa tatu tulikuwa tunazungumzia mambo ya mwaka juzi. Mtu na mkewe wana faili refu, na kidole kilichokanyagwa kinalifungua.

Mama yule alituwekea sharti kabla hata ya kutembea: ndani ya saa hii mwenye ruhusa ya kusema "umekosea" ni yeye peke yake. Sisi tuliruhusiwa maneno mawili, "tena" na "subiri". Ukihisi mwenzako amekosea, sema "tena", na mrudi kwenye moja. Basi. Ilikuwa ngumu zaidi ya boksi lenyewe, hasa kwangu. Mara mbili nilifungua mdomo nikaishia kusema "te-na" kwa sauti ambayo mwalimu alisema nayo ni maneno.

Kama mwalimu wenu hana sharti hilo, mwekeeni nyinyi. Mwambieni mlangoni: tukikosea tuambie wewe. Na msirekodi video ya saa nzima ya nani alikosea wapi. Rekodini dakika moja ya mwisho, mwalimu na msaidizi wake wakicheza boksi taratibu, miguu ionekane, kwa idhini yao. Hiyo itawafaa nyumbani.

Usiku wa pili

Hatua za dansi zinaoza haraka kuliko samaki. Usiku ule ule, kabla ya kulala, fanyeni boksi dakika tano chumbani. Sogezeni kitanda. Viatu mkononi, kwa heshima ya wa chini. Sisi tulisahau hilo na tukagongewa dari kwa kitu kama ufagio. Asubuhi dakika tano nyingine, bila muziki, na ule mguu mtupu mkiuinua.

Kisha nendeni mahali penye bendi. Bendi za hoteli huanza na nyimbo za taratibu watu wakiwa bado wanakula, na hapo uwanja huwa wazi. Mambo matatu yatawaokoa. Wanaozunguka ukumbi huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ninyi wa boksi kaeni katikati, msizibe njia ya pembeni. Wimbo ukianza msiingie mara moja. Simameni, mmeshikana, hamisheni uzito kushoto na kulia mpaka wote wawili mmeisikia "moja", ndipo mwanamume atoe mguu wa kushoto. Na mkipotea, maana mtapotea, msisimame wala msitazame chini. Rudini kwenye kule kuyumba, kushoto, kulia, mpaka "moja" ije tena. Kwa mtu aliyekaa mezani hilo linaonekana kama dansi kamili.

Sisi tulipotea kwenye wimbo wa kwanza, kando ya nguzo, na hatukuipata tena hiyo moja. Bendi iliimba beti tatu sisi tukiyumba tu pale pale. Mhudumu mwenye sinia la glasi akatuzunguka upande wa kulia, akarudi akatuzunguka upande wa kushoto, mume wangu akavuta pumzi, nikarudi nyuma kwa mguu wa kulia, na wimbo ukaisha.